Taveta kwa Siku Moja: Kutoka Moshi, Kuvuka Holili na Kurudi Kabla ya Giza

Basi la Dar es Salaam likitoka Moshi hukata kulia pale Njia Panda ya Himo. Ukiendelea mbele badala ya kukata, utapita Himo mjini, utafika Holili, na kilomita kama nne baada ya hapo utakuwa Taveta, mji mdogo wa Kaunti ya Taita-Taveta nchini Kenya. Safari nzima kutoka Moshi ni kilomita kama 45. Ni mji wa migomba, mifereji ya maji na barabara kuu moja. Mlima Kilimanjaro unauona kutoka upande ambao watu wengi wa Moshi hawajawahi kuutazama, Mawenzi ikiwa mbele na Kibo nyuma yake.

Siku moja inatosha, kwa masharti mawili: ugonge mihuri yote inayotakiwa, na uchague jambo moja tu la nje ya mji. Anayetaka kuona Ziwa Chala, Ziwa Jipe na kasri la Grogan kwa siku moja humaliza saa zake juu ya pikipiki na kufika mpakani usiku.

Chagua siku

Soko kubwa la Taveta ni Jumatano na Jumamosi. Siku hizo mji hufurika wafanyabiashara kutoka pande zote mbili: maharage, vitunguu na mahindi huingia, mitumba na ndizi hutoka, na foleni ya Uhamiaji hurefuka tangu asubuhi. Kama nia yako ni kununua, nenda siku ya soko. Kama unataka utulivu, Jumanne na Alhamisi ni bora zaidi. Jumapili mji umetulia, lakini maduka mengi hufungwa na usafiri wa kurudi hupungua mchana.

Angalia pia msimu. Kuanzia Machi hadi Mei masika hugeuza njia za udongo kuwa utelezi, na mawingu huuficha mlima kutwa. Juni hadi Septemba, na tena Januari hadi Februari, ndiyo miezi ya uhakika. Hata katika miezi hiyo Kilimanjaro huonekana vizuri alfajiri, kisha hujifunika kadiri jua linavyopanda. Hiyo ni sababu tosha ya kuondoka mapema.

Hati

Mtanzania anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi. Makubaliano ya kusafiri kwa vitambulisho vya taifa yaliyoanza mwaka 2014 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Watu wengi hurudishwa hapa, kwa kuwa wamesikia kwamba "Afrika Mashariki ni moja" wakadhani kitambulisho kinatosha. Kama huna pasipoti, omba hati ya dharura siku kadhaa kabla katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Usipange kuishughulikia asubuhi ya safari.

Mtanzania halipii viza kuingia Kenya, na hahitaji kuomba ile idhini ya kusafiri kwa mtandao ambayo Kenya iliianza Januari 2024. Hati yake hugongwa muhuri bila malipo. Ukidaiwa "ada ya muhuri", omba risiti ya serikali. Madai hayo mara nyingi hufia hapo. Mgeni kutoka nje ya Afrika, kwa mfano rafiki wa Ulaya anayefanya kazi Moshi, lazima awe ameshapata idhini hiyo kwa mtandao kabla ya kufika mpakani. Pia aulize Uhamiaji mapema kama viza au kibali chake cha Tanzania kitamruhusu kurudi jioni.

Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Haiombwi kila siku, lakini siku ikiombwa huna pa kukimbilia. Chanjo huhesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, hivyo kuchanja jana hakusaidii. Na kadi yako ya zamani iliyoandikwa kwamba inakwisha baada ya miaka kumi usiitupe: tangu Julai 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kimataifa kwa maisha yote.

Mtoto naye awe na hati yake ya kusafiria. Akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi au babu, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi aliyebaki. Ofisa akiuliza, mambo hayo mawili humaliza maswali.

Piga picha ya ukurasa wa kwanza wa pasipoti, uitunze kwenye simu.

Fedha

Jua kiwango cha siku kabla ya kutoka nyumbani. Tuseme shilingi moja ya Kenya ni shilingi 20 za Tanzania. Laki moja yako itakupa 5,000 za Kenya. Mbadilishaji wa barabarani akikuuzia kwa 21.5, utapata kama 4,650, yaani umeacha mlo mmoja mzuri mkononi mwake. Kiwango chake lazima kiwe na faida kidogo, hiyo ni kazi yake. Jambo la msingi ni ujue unapoteza kiasi gani. Hesabu kwa simu yako mwenyewe, si kwa kikokotozi chake. Pokea za kwake kwanza, zihesabu hadi mwisho, ndipo utoe zako. Akikukatiza katikati ya hesabu, anza upya.

Zitazame noti zenyewe. Noti za Kenya zilizotolewa kuanzia 2019 zina picha ya jengo la KICC la Nairobi. Noti ya 1,000 ya zamani, yenye sura kubwa ya kiongozi, ilikoma kutumika tarehe 30 Septemba 2019, na mpakani ndipo mahali pa kwanza mtu angejaribu kuitoa kwa mgeni. Noti ndogo za zamani hazikufutwa pamoja nayo.

Kwa mtu mmoja, 3,000 hadi 4,000 za Kenya zinatosha chai, chakula cha mchana, pikipiki ya kwenda na kurudi Chala na vitu vidogo vya sokoni. Omba noti za 50, 100 na 200, kwa sababu dereva wa bodaboda asubuhi hana chenji ya elfu. Usitegemee kulipa kwa simu: karibu kila duka la Taveta lina namba ya M-Pesa ukutani, lakini inalipwa kirahisi na mwenye laini ya Kenya.

Bei ikitajwa, uliza ni shilingi ya wapi. Ukaribu wa mpaka huu hufanya wauzaji wazitaje zote mbili, na "mia tano" ya Kenya ni kama elfu kumi yako.

Moshi hadi Holili

Fika stendi kuu ya Moshi saa 12 asubuhi. Zipo kosta, Hiace na Noah zinazokwenda Himo muda wote. Nyingine huendelea hadi Holili bila kubadilisha. Muulize konda swali moja lililonyooka: "Mnafika Holili mpakani, au mnaishia Himo?" Usipande gari la Mwanga au Same kwa kuambiwa tu kwamba linapita Himo. Litakushusha Njia Panda na utatafuta usafiri mwingine wa kufika Himo mjini.

Himo ni kilomita kama 27 kutoka Moshi. Ukibadilisha gari hapo, magari ya Holili hujaza abiria ndipo yaondoke, hivyo tenga dakika 20 za kusubiri. Kutoka Himo ni kilomita kama 12, lami yote.

Mwenye gari lake tunamshauri aliache upande wa Tanzania, mahali penye ulinzi, avuke bila gari. Kulivusha kunahitaji kadi ya gari, bima inayotambuliwa Kenya na kibali cha muda cha forodha, na kama gari si la jina lako, barua ya mwenyewe. Kwa safari ya siku tatu usumbufu huo una faida. Kwa safari ya siku moja unaweza kukumalizia asubuhi yote.

Kuvuka

Holili na Taveta ni kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa mwaka 2016. Maana yake ni kwamba unasimama mara moja tu, katika jengo la nchi unayoingia. Ukienda Kenya huhudumiwi kwenye jengo la Holili. Unapita hadi jengo la upande wa Taveta, na humo utawakuta maofisa wa Tanzania na wa Kenya chini ya paa moja. Jioni ukirudi, yote yanafanyika kwenye jengo la Holili.

Utaratibu huu ni mzuri, lakini una mtego. Bodaboda atakubeba kutoka Holili, atapita jengo la kwanza bila kusimama (na ni sahihi), kisha kama hukumwambia kitu anaweza kupita la pili pia na kukushusha sokoni. Hapo umeingia nchi ya watu bila muhuri hata mmoja. Kabla hujapanda, mwambie: "Nishushe Uhamiaji upande wa Kenya, unisubiri." Akikwambia hakuna haja, tafuta mwingine.

Ndani ya jengo fuata mpangilio huu:

1. Meza ya afya, kama inahudumu: kadi ya njano na kipimo cha joto.
2. Dirisha la Uhamiaji wa Tanzania: muhuri wa kutoka.
3. Dirisha la Uhamiaji wa Kenya: muhuri wa kuingia. Ukiulizwa unakwenda wapi, sema kweli: matembezi ya siku moja Taveta, jioni unarudi.
4. Forodha: mwenye begi la mgongoni hupita haraka, mwenye mzigo wa biashara hutangaza alichobeba.

Kabla hujatoka mlangoni fungua pasipoti, uangalie mihuri miwili na tarehe zake. Muhuri wa kutoka ukikosekana ni rahisi kurekebisha ukiwa bado hatua tano kutoka dirishani. Ukigundua jioni, utaambiwa urudi ulikotoka.

Mwulize pia ofisa mapema: "Huduma inafungwa saa ngapi leo?" Jibu lake ndilo litakalopanga jioni yako.

Njia za panya zipo, na wenyeji watakuonyesha bila kuona ajabu, maana wana shamba huku na shangazi kule. Wewe usizipite. Polisi wa Kenya husimamisha magari katika barabara ya kwenda Voi, na asiye na muhuri huhesabika ameingia kinyume cha sheria, hata kama pasipoti iko mfukoni.

Siku ya kawaida shughuli zote huchukua nusu saa. Siku ya soko tenga saa moja na nusu.

Taveta mjini

Ukifika saa 2 na nusu hivi, kunywa chai kwanza. Hoteli ndogo za karibu na stendi hupika chapati na maharage, mandazi, na chai ya maziwa iliyokolea. Mchana kuna ugali wa sukuma wiki na nyama, wali, na samaki wa maziwa ya jirani. Ndizi za Taveta zina sifa hadi Mombasa na Nairobi, na kupita hapa bila kuonja ndizi mbivu ya hapa ni hasara.

Ukitembea kwa miguu utaelewa kwa nini mji huu upo. Nchi inayouzunguka kuelekea Voi ni kavu, vichaka vya Tsavo, lakini Taveta imekaa juu ya maji ya Kilimanjaro: mvua ya mlimani huzama ardhini, hutokeza tena kwenye chemchemi za huku chini, na Mto Lumi hupita hapa ukienda kumwaga Ziwa Jipe. Fuata mfereji wowote kwenye migomba na utaona watu wanavyogawana maji kwa zamu. Omba ruhusa kabla ya kuingia shambani na kabla ya kupiga picha ya mtu.

Usipige picha kabisa mpakani, kituo cha polisi, wala karibu na askari. Simu hunyang'anywa kwa kosa hilo.

Makaburi ya askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia nayo yatazamwe. Taveta ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa kupiganiwa Afrika Mashariki: Wajerumani waliiteka Agosti 1914 wakitokea Moshi, na Waingereza wakairudisha Machi 1916. Mtu anayetoka Moshi huona jambo hapa, kwa sababu nusu ya vita hiyo ilitoka kwake. Mahali ni safi na pametulia. Nusu saa inatosha.

Ziwa Chala

Hili ndilo jambo la nje ya mji tunalolipendekeza. Chala liko kaskazini ya Taveta, safari ya pikipiki isiyozidi nusu saa kwa njia ya kwenda Loitokitok. Ni shimo la volkano lililojaa maji, lenye ukubwa wa kilomita za mraba kama nne na kina cha mita kama 90. Hakuna mto mkubwa unaoingia. Maji hupenya chini kwa chini kutoka mlimani. Rangi hubadilika kwa mwanga na msimu, kutoka kijani hadi buluu nzito. Tope la chini yake limekaa kwa utulivu miaka mingi sana, kiasi kwamba mwaka 2016 wanasayansi walilichimba ili kusoma historia ya hali ya hewa ya ukanda huu.

Patana bei na bodaboda ikiwa na mambo matatu ndani yake: kwenda, kusubiri saa mbili, na kurudi. Usilipe yote kabla ya kurudi mjini. Lipa nusu ya kwenda ukifika. Wanaoachwa ziwani ni wale waliolipa safari ya kwenda tu, kwa sababu kule hakuna pikipiki zinazopita kutafuta abiria. Chukua namba ya simu ya dereva, na uijaribu mkiwa bado mjini. Vaa kofia ngumu. Kama ana moja tu, mwambie atafute ya pili.

Kipande cha mwisho kutoka barabara kuu hadi ukingoni ni vumbi na mawe. Beba maji lita mbili kwa mtu, kofia, na viatu vyenye soli ya kushika. Ukingo umekaa juu sana ya maji, na kijia cha kushuka ni mteremko mkali wenye changarawe. Kushuka huchukua dakika 20 hadi 30. Kupanda, mchana wa jua, ni mara mbili yake. Mwenye magoti mabaya abaki juu. Mandhari bora yako juu hata hivyo.

Usiogelee. Mwaka 2002 mamba alimuua msichana aliyekuwa akiogelea humu. Mtu akikuambia mamba wameisha, kaa ukingoni.

Na jambo moja ambalo wageni hulisahau: mpaka wa nchi unapita katikati ya ziwa. Ukizunguka ukingo kwa miguu kuelekea magharibi utajikuta Tanzania bila muhuri wa kutoka Kenya. Geuka ulikotokea.

Kama mvua imenyesha usiku, acha Chala. Nenda kilima cha Salaita, kando ya barabara ya lami ya Voi, kilomita 13 hivi mashariki ya mji, ambako tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, walirudishwa nyuma na askari wa Kijerumani na Waafrika waliokuwa chini yao, hadi Wabaluchi wa jeshi la India walipozuia wasimalizwe. Au nenda kasri la Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, kisha katika miaka ya 1930 akajenga nyumba yake juu ya kilima hapa katikati ya mashamba ya mkonge. Ziwa Jipe liachie safari ya kulala.

Simu

Karibu na mpaka simu huruka kutoka mtandao wa nchi moja hadi mwingine bila kukuuliza, na salio huisha ukidhani uko nyumbani. Ukifika Himo, zima data za nje ya nchi, na uweke uchaguzi wa mtandao kuwa wa mkono. Pakua ramani ya Taveta kabla ya kuondoka. Saa ni ile ile pande zote mbili.

Vya kununua na vya kuacha

Ndizi za kula njiani, nguo chache, sabuni na majani ya chai havina taabu. Beba kikapu au mfuko wa kitambaa: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Nyama mbichi, maziwa, mbegu na miche vinahitaji vibali vya mifugo au afya ya mimea, usivinunue kwa kujaribu bahati. Ukizidi matumizi ya nyumbani ukaingia biashara, ulizia forodha hati rahisi ya uasili wa bidhaa. Inahusu bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha yao, zisizozidi dola 2,000 za Marekani.

Miraa ni halali Kenya na huuzwa wazi. Tanzania mirungi ni dawa za kulevya kwa sheria, na kishada kimoja kinatosha kukuweka mahabusu. Kwa sababu hiyo hiyo usipokee mzigo wa mtu, hata akiwa mama mzee anayekuita mwanangu na kukuomba umpelekee ndugu yake Himo mfuko mmoja tu. Mwambie kwa heshima: "Samahani mama, sivushi mzigo nisioufungua."

Kurudi

Anza kuondoka Taveta saa 9 na nusu alasiri, hata kama mpaka unafungwa baadaye sana. Badilisha shilingi za Kenya zilizobaki ukiwa bado upande wa Kenya. Tangu Machi 2025 bidhaa na huduma ndani ya Tanzania hulipiwa kwa shilingi ya Tanzania.

Mwambie bodaboda akupeleke Uhamiaji wa Holili. Mpangilio sasa unageuka: Kenya kwanza, muhuri wa kutoka, kisha Tanzania, muhuri wa kuingia, kisha forodha na begi lako wazi. Hesabu mihuri: safari nzima lazima iwe minne.

Kutoka Holili, panda gari la kwanza linalofika Himo, usingoje la moja kwa moja. Himo ndiyo yenye magari mengi ya Moshi, na hata ukichelewa hadi saa 12 jioni utayapata. Anayekwenda Arusha ashukie stendi ya Moshi mapema, kwa sababu baada ya saa 1 usiku magari ya njia hiyo huanza kupungua na nauli za teksi hupanda.